Nani Alilipa Nauli ya Wenela

Kata ya Talatala iko wilayani Kyela, kwenye tambarare inayoanzia chini ya milima ya Rungwe na kuishia Ziwa Nyasa. Mito mikubwa inapita kwenye tambarare hiyo: Songwe mpakani na Malawi, kisha Kiwira, Mbaka na Lufilyo. Matope yanayoletwa na mito hiyo ndiyo yanayoupa mchele wa Kyela sifa yake, na ndiyo yanayoikuza migomba, michikichi na mikakao. Ni nchi yenye chakula. Hata hivyo, kwa sehemu kubwa ya karne iliyopita vijana wake waliondoka kwa makundi kwenda kuchimba dhahabu karibu kilomita 2,000 kusini, na wengi wao hawakutoa hata senti ya nauli. Waliambiwa safari ni ya bure.

Swali langu katika historia hii ni moja: nani aliilipa safari ile? Naliuliza kwa sababu safari za bure zimerudi. Siku hizi zinakuja kwa jina la pointi za kadi ya benki na maili za mashirika ya ndege, na watoto wa Kyela walioko Dallas, London na Dubai wanazikusanya kwa bidii wakitumaini kurudi nyumbani bila kulipa tiketi. Wanastahili kujua kwamba babu zao waliwahi kusafiri kwa mpango unaofanana na huo zaidi ya wanavyodhani.

Tuanze na kwa nini waliondoka. Serikali ya Kijerumani ilianza kutoza kodi ya nyumba mwaka 1898, rupia 3 kwa nyumba ya kijijini. Kyela ilikuja kutawaliwa kutoka Neu Langenburg, ndiyo Tukuyu ya leo. Rupia hazikuota shambani. Zilipatikana kwa kubeba mizigo, kufanya kazi misheni au kwa setla, au kuuza ng'ombe. Na ng'ombe ndiye aliyekuwa moyo wa jambo lote.

Godfrey Wilson na mkewe Monica, wanaanthropolojia waliofanya utafiti kati ya Wanyakyusa, ndio wenyeji wa Kyela na Rungwe, kuanzia 1934 hadi 1938, waliandika kwa kina juu ya vijiji vya marika. Wavulana wa rika moja walitoka nyumbani kwa baba zao wangali wadogo, wakajenga vibanda vyao pamoja, wakawa wanarudi kwa mama zao kula. Rika likikua, kibanda kinakuwa nyumba na kijiji kinakuwa kijiji kamili. Lakini kuoa kulihitaji ng'ombe, na ng'ombe walikuwa mikononi mwa wazee. Kijana aliweza kuwa na kijiji chake, wenzake na jembe lake, akakaa miaka bila mke akisubiri baba ampe ng'ombe. Fedha ya mshahara ilikata mlolongo huo. Aliyerudi na fedha alinunua ng'ombe wake mwenyewe. Kwa hiyo tusifikirie kwamba njaa ndiyo iliyowasukuma wote. Wengi walikwenda kununua utu uzima.

Mwanzoni hawakwenda mbali. Dhahabu ya Lupa, huko Chunya, ilivuta maelfu katika miaka ya 1920 na 1930, na kutoka Kyela mtu aliifikia kwa miguu akipitia Tukuyu na Mbeya. Wengine walielekea migodi ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini, Zambia ya leo. Wengine walivuka Songwe tu, ambako Wangonde wa Karonga ni ndugu zao kwa lugha na kwa damu, wakaendelea kusini. Ziwani kulikuwa na meli tangu zamani. Wajerumani waliingiza Hermann von Wissmann majini mwaka 1893, na Agosti 1914 meli ya Waingereza iitwayo Gwendolen iliivamia ikiwa pale Sphinxhaven, Liuli ya leo, katika tukio linalohesabiwa kuwa shambulio la kwanza la majini la Vita vya Kwanza vya Dunia. Mwaka 1951 ikaja Ilala, ambayo wazee wa pwani zote za ziwa wanaijua. Lakini meli ilidai nauli, na kijana asiye na ng'ombe hakuwa na nauli.

Mwajiri aliliona pengo hilo, akaingia.

Miaka ya 1930 serikali ya Rhodesia ya Kusini, Zimbabwe ya leo, ilianzisha malori ya kuwachukua vibarua kutoka Nyasaland, Malawi ya leo, na nchi jirani hadi kwenye mashamba na migodi yake. Huduma hiyo ilijulikana kwa jina la Ulere, maana haikutozwa. Kulikuwa na vituo vya kulala na chakula njiani. Kwa watu waliozoea kutembea wiki nzima wakiogopa simba, homa na wanyang'anyi, lori la bure halikuwa jambo dogo, na sitaki kulidharau. Lilipunguza vifo vya njiani. Lilipunguza pia uwezo wa kibarua kuchagua, kwa sababu aliyetembea kwa miguu yake aliweza kusimama popote na kuuliza mshahara, ilhali aliyepanda lori alishushwa pale lori lilipotaka.

Mkubwa kuliko wote alikuwa Wenela. Jina hilo lilitokana na herufi za kwanza za jina la chama cha kuajiri kilichoundwa na wamiliki wa migodi ya dhahabu ya Witwatersrand karne ya 20 ilipokuwa inaanza. Kazi yake ilikuwa moja: kutafuta watu nje ya mipaka ya Afrika Kusini ili migodi isigombanie vibarua na kupandishiana mishahara. Mwaka 1913 serikali ya Afrika Kusini ilikataza kuajiri watu kutoka kaskazini ya latitudo 22 kusini, kwa sababu watu wa nchi za joto walikuwa wanakufa kwa nimonia kwa idadi ya kutisha. Kyela iko karibu na latitudo 9 na nusu, ndani kabisa ya eneo lililokatazwa. Kwa miaka 20 na zaidi mlango huo ulikuwa umefungwa kisheria.

Ulifunguliwa na bei ya dhahabu. Mwishoni mwa 1932 Afrika Kusini iliacha kuifunga sarafu yake kwa dhahabu, bei ikapanda, na migodi ambayo haikuwa na faida ikawa nayo. Ghafla watu walihitajika kwa wingi. Chanjo za nimonia zilikuwa zimeboreshwa, na katika nusu ya pili ya miaka ya 1930 katazo likaondolewa. Wenela ikapanda kaskazini, ikapita Nyasaland, ikafika nyanda za kusini magharibi mwa Tanganyika. Wanyakyusa wakawa miongoni mwa wateja wake. P. H. Gulliver, mtafiti wa jamii aliyeajiriwa na serikali ya Tanganyika, alichapisha mwaka 1957 utafiti juu ya uhamaji wao wa kutafuta kazi.

Hebu tuutazame mkataba wenyewe kwa karibu, maana humo ndimo siri ilimo. Aliyejiandikisha alipimwa uzito na afya. Akifaa, alisafirishwa, akalishwa njiani na kupewa malazi. Kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 1950 Wenela ilikuwa na ndege zake, makao yake yakiwa Francistown, Bechuanaland ya wakati huo na Botswana ya leo, zikiwachukua watu kutoka nchi za kaskazini. Kutoka Francistown walipanda treni hadi Johannesburg. Fikiria: katika miaka ambayo watu wachache sana wa Afrika Mashariki waliwahi kukanyaga ndani ya ndege, kijana aliyeacha jembe lake kando ya ziwa aliweza kujikuta angani kwa gharama ya kampuni. Mgodini alikuta kampaundi, kitanda cha zege, chakula cha pamoja na lugha ya kufundishwa, Fanagalo, iliyotosha kuamrishwa lakini haikutosha kujadiliana. Baadaye, katika miaka ya 1960, migodi ilijenga vyumba vya joto na mvuke ambamo wageni walipanda na kushuka ngazi fupi kwa saa nyingi, siku baada ya siku, huku joto la miili yao likipimwa, hadi walipozoea hali ya chini ya ardhi.

Muda wa kazi haukuhesabiwa kwa kalenda. Ulihesabiwa kwa shifti. Mtu alikuwa na kadi yake, na kila shifti iliyokamilika iliwekewa alama. Mkataba wa watu wa Msumbiji, kwa mfano, ulikuwa wa shifti 313, na wa wenyeji wa Afrika Kusini 270. Jumapili haikuhesabiwa. Siku ya ugonjwa haikuhesabiwa. Katika miongo ya mwanzo hata siku aliyoshinda chini akichimba iliweza kukataliwa, bosi akiona shimo halikufika urefu uliotakiwa; basi hakuna alama na hakuna malipo. Mkataba ulioitwa wa mwaka mmoja ukawa mrefu kuliko mwaka. Mwenye kadi alikusanya alama, na mwenye mgodi ndiye aliyeamua alama ipi ni halali.

Mshahara nao haukutolewa wote. Sehemu yake iliwekwa nyuma ili ilipwe mtu akisharudi kwao. Wazee na serikali za kikoloni waliupenda utaratibu huo, na sababu yao ina uzito: fedha iliyolipwa nyumbani ilifika nyumbani. Iligeuka ng'ombe, baiskeli, cherehani, mablanketi, kodi iliyolipwa na bati juu ya nyumba. Wake na mama waliobaki wakilima mpunga peke yao walikuwa na haki ya kuiona. Lakini fedha iliyosubiri ilimfaa pia aliyeishika. Mfano mbaya kuliko yote ni wa Msumbiji. Ureno ilikubaliana na Afrika Kusini kwamba mishahara iliyowekwa nyuma ya Wamsumbiji ipelekwe kwake kwa dhahabu kwa bei rasmi. Mchimbaji alipofika kwao alilipwa escudo. Dhahabu ikabaki kwa Ureno, na pale bei ya soko ilipoipita bei rasmi, tofauti ikawa faida ya serikali. Wachimbaji hawakupewa sehemu yoyote ya tofauti hiyo.

Sasa turudi kwenye nauli. Ndege, mafuta, rubani, chakula, kituo, daktari: vyote viliandikwa kwenye vitabu vya Wenela kuwa gharama za migodi. Anayesoma vitabu hivyo tu atasema migodi ndiyo iliyolipa. Jibu sahihi lilikuja mwaka 1972, na aliyelileta ni Francis Wilson, mtoto wa wale wanaanthropolojia wawili waliokuwa wamekaa na Wanyakyusa. Alizaliwa Livingstone, Rhodesia ya Kaskazini, mwaka 1939, akawa mchumi. Kitabu chake kilifuatilia mishahara ya migodi ya dhahabu kuanzia 1911 hadi 1969. Alionyesha kwamba ukiondoa athari ya kupanda kwa bei, mchimbaji mweusi mwaka 1969 hakulipwa zaidi ya mwenzake wa 1911. Karibu miaka 60 ya dhahabu, na mshahara haukusogea. Katika kipindi hichohicho mshahara wa mchimbaji mweupe ulitoka zaidi ya mara 11 ya mweusi hadi mara 20. Migodi ilikuwa imekubaliana kiwango cha juu cha wastani wa malipo, na Wenela ndiyo iliyohakikisha kwamba hakuna anayelazimika kukivunja, kwa kuwa kila palipopungua watu hapa, ndege ilileta wengine kutoka kule.

Nauli, basi, ilitoka mfukoni mwa abiria kabla haijafika mkononi mwake. Ilikatwa kwenye mshahara ambao hakuwahi kuuona.

Je, walidanganywa? Sioni kwamba neno hilo linawatendea haki. Walijua kupiga hesabu. Walilinganisha Lupa na shaba ya kaskazini, shaba na dhahabu ya kusini. Waliulizana mgodi upi una msimamizi mkali na upi una chakula kizuri. Waliokwenda walikuwa wamechagua kilicho bora katika vilivyokuwepo. Kosa halikuwa lao. Kilichokosekana ni uwezo wa kukataa na kupata kingine kilicho sawa au zaidi.

Tanganyika ilipopata uhuru, Desemba 1961, serikali mpya iliufunga mlango wa Wenela. Nyerere hakutaka vijana wa nchi huru wachimbe dhahabu ya utawala wa kibaguzi. Zambia ilifanya hivyo mwaka 1966. Malawi ya Kamuzu Banda haikufunga, na kwa aliyetaka kuendelea, Songwe haikuwa ukuta. Kisha tarehe 4 Aprili 1974 ndege ya Wenela ilianguka karibu na Francistown muda mfupi baada ya kuruka, kwa sababu ilijazwa mafuta yasiyo sahihi. Kati ya watu 84 waliokuwemo, 78 walikufa, wengi wao wachimbaji wa Malawi. Banda alisimamisha uajiri, wakati zaidi ya Wamalawi 100,000 wakiwa migodini. Ulirudi mwaka 1977, ukiwa mdogo sana. Mwaka huohuo Wenela yenyewe iliunganishwa na chama ndugu na kuitwa Teba.

Pigo hilo liliifundisha migodi jambo ambalo linatuleta kwenye zama zetu. Ilianza kuwahangaikia wachimbaji wazoefu warudi. Katika miaka ya 1970 aliyemaliza mkataba mrefu alipewa hati: ukirejea ndani ya muda uliowekwa, kwenye mgodi uleule, utapata kazi yako ileile, mshahara uleule na bonasi juu yake. Ukichelewa, hati imekufa. Ukienda mgodi mwingine, haitambuliki. Ilikuwa zawadi ya uaminifu, yenye tarehe ya mwisho na mahali pamoja tu pa kuitumia.

Miaka michache baadaye wazo la namna hiyohiyo lilizaliwa Marekani kwa watu wa tabaka tofauti kabisa. Mwaka 1978 serikali ya huko iliacha kupangia mashirika ya ndege nauli na njia, mashirika yakaanza kunyang'anyana abiria, na tarehe 1 Mei 1981 American Airlines ikatangaza AAdvantage: kila maili unayosafiri nasi tunaiandika, na zikifika kiasi fulani tunakupa tiketi. Kadi za malipo zilikuwepo tayari. Diners Club ilianza New York mwaka 1950, na kadi iliyokuja kuitwa Visa ilianza Fresno, California, mwaka 1958. Mwaka 1987 Citibank ikaviunganisha viwili hivyo, ikatoa kadi inayompa mteja maili za American kwa kununua mkate na petroli. Tangu hapo mtu anaweza kukusanya safari bila kusafiri.

Nani analipa? Kila kadi inapopitishwa dukani, mwenye duka anakatwa asilimia ya mauzo, na sehemu ya makato hayo huenda kwa benki iliyotoa kadi. Benki inayatumia kununua maili kutoka shirika la ndege. Mwenye duka naye hupandisha bei kidogo ili afidie, na bei hiyo wanailipa wote, hata mwenye noti mkononi. Watafiti wa Benki Kuu ya Marekani tawi la Boston walikadiria mwaka 2010 kwamba kwa wastani kaya inayotumia fedha taslimu hupoteza dola 149 kwa mwaka kwa namna hiyo, na kaya inayotumia kadi hupata dola 1,133. Umoja wa Ulaya ulipoweka ukomo mwaka 2015, asilimia 0.3 ya malipo kwa kadi za mkopo na 0.2 kwa kadi za akaunti, zawadi za kadi za Ulaya zikapungua nguvu. Ndiyo maana ndugu aliyeko Hamburg hapati pointi kama binamu yake wa Texas, hata wakitumia kiasi kilekile.

Mlipaji wa pili ni mwenye deni. Tuseme kadi inatoa pointi 1 kwa kila dola, na pointi moja, ikitumiwa kwa tiketi, ina thamani ya kati ya senti 1 na 2. Anayetumia dola 2,000 kwa mwezi anapata kati ya dola 20 na 40 za safari. Akiacha deni la dola 2,000 kwa riba ya asilimia 24 kwa mwaka, riba ya mwezi mmoja ni dola 40. Zawadi imekwisha, na mwezi wa pili anaanza kuilipia benki safari ya mtu mwingine.

Na anayeshika thamani hiyo inaposubiri? Wakati wa korona, mwaka 2020, United Airlines ilikopa dola bilioni 6.8 kwa kuweka dhamana mpango wake wa maili, MileagePlus. Ndege zilikuwa zimeegeshwa, lakini maili za abiria ziliweza kukopewa mabilioni. Nilipolitafakari jambo hilo niliikumbuka dhahabu ya Msumbiji. Tofauti ni kubwa, kwa sababu mwenye maili hakuzitolea jasho chini ya ardhi, wala hakuna aliyemlazimisha. Lakini utaratibu ni uleule: cha kwako kikiwa kwa mwingine, kinamfanyia kazi mwingine.

Hata sisi wa huku tunaijua tarehe ya mwisho. Bonga Points za kampuni ya simu ya Safaricom zilianza Kenya mwaka 2007, pointi 1 kwa kila shilingi 10 anazotumia mteja. Watu walizilimbikiza kwa miaka kama akiba. Mwaka 2022 kampuni ilitangaza kwamba zilizozidi miaka 3 zingeanza kufutwa Januari 2023, kukazuka kelele, na mpango huo ukasitishwa. Waliotumia zao mapema hawakuwa na cha kuhofia.

Kwa hiyo kwa ndugu wa Kyela aliyeko ughaibuni, ushauri wangu ni wa mtu anayeiheshimu safari hiyo na anayetaka aifanye. Ikiwa unalipa deni lote kila mwezi, kusanya. Sehemu kubwa ya faida haiko kwenye manunuzi ya kila siku; iko kwenye bonasi ambayo benki humpa mteja mpya akifikisha matumizi fulani katika miezi ya kwanza, basi fungua kadi pale ambapo tayari una gharama kubwa isiyoepukika, usiitafute gharama kwa ajili ya bonasi. Tazama ada ya mwaka. Chagua maili zinazofika Dar es Salaam: za Star Alliance kupitia Ethiopian Airlines, iliyojiunga mwaka 2011; za oneworld kupitia Qatar Airways, iliyojiunga mwaka 2013; au Flying Blue kupitia KLM. Ukipata kiasi kinachotosha, tumia, maana mashirika hupandisha bei ya tiketi za maili yapendavyo. Weka kando fedha ya kodi za uwanja, ambazo maili hazizifuti. Na jua kwamba zawadi inaishia Dar. Kutoka hapo hadi uwanja wa Songwe, kisha Mbeya, Uyole, Tukuyu na kushuka Kyela, utalipa kwa fedha taslimu kama watu wote.

Lakini kuna deni la zamani ambalo kwangu ni kubwa kuliko maili zote. Vumbi la migodi ya dhahabu huharibu mapafu. Mwaka 2019 mahakama ya Johannesburg iliidhinisha makubaliano kati ya wachimbaji wenye silikosisi na kifua kikuu na makampuni 6 ya madini, na mfuko ulioundwa kulipa fidia, Tshiamiso Trust, unawahusu pia waliotoka nchi za nje. Sharti mojawapo ni kwamba mtu awe alifanya kazi katika migodi inayohusika kati ya tarehe 12 Machi 1965 na 10 Desemba 2019. Wazee wa Rungwe na Kyela waliokwenda kwa mkataba wa Tanganyika walikuwa wamesharudi kabla ya hapo. Walikohoa vumbi lilelile, lakini tarehe imewaacha nje, na naona hilo ni dhuluma inayopaswa kusemwa kwa sauti na serikali za pande zote mbili za Songwe.

Waliopitia Malawi baadaye wanaweza kuwa ndani. Kama katika familia yenu kuna mzee aliyerudi kutoka Joni, yaani Johannesburg, baada ya 1965, au alikufa akiwa na kifua, tafuteni karatasi zake: kipande, namba ya Wenela au Teba, jina la mgodi, cheti cha hospitali. Kuwasilisha madai Tshiamiso ni bure, na warithi wanaruhusiwa kudai. Akitokea mtu kijijini anayetaka alipwe ili awaandikie, mkataeni.